Tangazo la Saa ya Mpira

Kila jioni Chiriku aliketi sebuleni na madaftari yake, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kifua cha baba. Jina hilo alibandikwa na mjomba kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi, hata hivyo, alikuwa kimya. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba baba akiendelea na sigara, mapafu yake hayatahimili. Kila baba alipokohoa, Chiriku aliingiwa na hofu.

Mama alikuwa mshauri katika kituo cha simu kinachowasaidia wavutaji sigara waache. Tangazo la kituo lilitoka kwenye televisheni kila jioni, katikati ya mpira, lakini simu za kituo zililala fofofo.

"Watu hawataki kuacha," mama alilalamika jikoni.

"Wanataka, mama! Ila tangazo likija, baba na mjomba wanabishana kuhusu refa. Jana mjomba alifoka, 'Mtoeni huyo, turudishieni mechi!' Asubuhi ndipo baba anapokohoa pale kwenye sinki na kusema, 'Leo naacha.' Akifika kazini ameshasahau."

Mama akaacha kumenya vitunguu. Kesho yake alimweleza mkuu wake, naye akakuna kichwa weee, mwishowe akakubali tangazo lihamie redioni asubuhi.

Jumatatu mama aliwahi kazini. Baba alikuwa ameinamia sinki, macho mekundu, tangazo liliposikika. Akainua kichwa kusikiliza. Chiriku alitamani kusema, akajizuia, na kwake hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kuchota maji.

"Hebu nipigie hiyo namba," baba alisema. "Haraka, kabla sijaghairi."

Chiriku alibonyeza kwa pupa hata akakosea. Akapiga tena. Simu iliita, ikaita, na baba akaanza kupapasa mfuko wa shati akitafuta sigara. Chiriku alihisi machozi yanamlenga. Hatimaye ikapokelewa, naye akaiweka kwenye spika.

"Karibu. Hapa hatumhukumu mtu," ilisema sauti waliyoijua wote wawili.

Baba aliikodolea macho simu. "Mama Chiriku?"

"Hapa mimi ni mshauri, kaka," mama alijibu. "Endelea, nakusikiliza."

Baba alicheka, akalia, kisha akaendelea.

Haikuwa rahisi. Wiki za mwanzo alikuwa mkali kama pilipili, na alipiga simu tena na tena. Lakini aliacha.

"Mama, mlibadilisha maneno ya tangazo?" Chiriku aliuliza siku moja.

"Hata moja. Nilidhani watu wamekataa kusikia, kumbe tulikuwa tunawasemesha wakati akili zao ziko uwanjani. Ukiwa na neno la kumfaa mtu, mwanangu, mtafutie na saa anayoweza kulisikia."