Kampuni Aliyoichunguza Wangare

Maktaba ya Nakuru ilikuwa imefurika wanafunzi, na kitabu cha orodha ya kampuni za Bonde la Ufa kilikuwa kimoja tu. Wangare alikishika upande huu, kijana wa Kihindi akakishika upande ule.

"Madam, mimi ndio wa kwanza."

"Labda kwa ndoto. Kwani unatafuta nini humu?"

"Kazi."

Wangare alicheka mpaka mtunza maktaba akamkodolea macho. Shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, kiatu kinang'aa, eti anatafuta kazi! Lakini macho yake yalikuwa mazuri, hilo hatutalificha. Wakakaa meza moja wakasoma pamoja.

Jina lake lilikuwa Mayur. Tangu hapo akawa anapiga simu kila jioni.

"Sasa, mrembo? Umeshanisahau?"

"Nitakusahau aje na hunipi nafasi ya kupumua?"

Wangare alikuwa amependa, na hakutulia. Ulikuwa mwaka wa 2008, watu bado wanafunga mizigo baada ya fujo za uchaguzi, na yeye aliogopa kumzoea mtu kisha aondoke.

Basi akaitwa intavyu na Bonde Feeds, kampuni ya chakula cha mifugo. Hakumwambia Mayur, alitaka kumshangaza akishapata kazi. Chuoni walifundishwa kuijua kampuni nje ndani kabla ya kwenda, kwa hivyo akaingia saiba, pale pa kukodi kompyuta, akaandika jina lile kwenye mtandao.

Gazeti moja lilikuwa na habari: Bonde Feeds imeuzwa, wenyewe wanahamia Uingereza mwezi ujao. Pichani, kando ya mwenye kampuni, mzee wa miwani, alisimama Mayur, mwanawe.

Akampigia papo hapo.

"Kumbe kampuni ni yenu! Kazi unatafuta ya nini? Ama ulikuwa unanichezea ukingoja ndege?"

"Wangare, uko wapi? Nakuja!"

Mayur alimkuta nje ya saiba, jasho limemlowesha shati.

"Sikukudanganya. Wao ndio wanaenda. Mimi natafuta mtu wa kuniandika hapa, nibaki."

"Babako anajua?"

Mayur akaangalia viatu vyake.

"Basi hujaamua," Wangare alisema, akageuka aende zake.

Mayur akatoa simu. Yeye na babake huongea Kigujarati, lakini leo alisema kwa Kiswahili ili Wangare asikie kila neno.

"Papa, rudisha tiketi yangu. Siendi... Ndiyo, kuna msichana. Yuko hapa." Akasikiliza kidogo, uso ukampauka, akampa Wangare simu. "Anakutaka wewe."

"Wewe msichana," sauti ya mzee ilikwaruza. "Kampuni mimi nimeuza. Huyu kijana hana kampuni, hana nyumba, hana kazi. Hiyo unajua?"

Wangare akakaza simu sikioni.

"Nimesoma yote, mzee. Bado namtaka."

Mzee akashusha pumzi.

"Basi kuja nyumbani, ambia mama yake wewe mwenyewe. Mimi naogopa."

Wangare alimrudishia Mayur simu, akajipangusa machozi, akauliza nyumba yao iko upande gani.