Jina Lisilo na Mwenyewe

Mtu alikohoa. Usiku wa manane, chumbani kwa mtoto, na humo alilala mtoto peke yake, mchanga, hata kukaa hajui. Mama yake akajiambia ni ile kamera ya ukutani, ina spika, labda inakoroma. Kikohozi kikarudi, kizito, cha mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi.

Mumewe alikuwa fundi wa mitandao ya maofisini. Jioni ile alikuwa amevipa majina vyombo vyote vya nyumbani: printa, runinga, na kamera, ambayo aliipa jina la mtoto, na nyuma ya kila jina akaweka jina moja la mtandao wa nyumba nzima, kama la ukoo. Wenzake kazini hutumia majina yaliyotengwa rasmi kwa mitandao ya majumbani. Yeye, kwa kujidai, alifumba macho akabonyeza herufi ovyo, likatoka jina, akalitafuta mtandaoni, akaona hakuna aliyelisajili.

"Hili halina mwenyewe, mama watoto," alisema, akalitamka kwa sauti, na mtoto akageuza kichwa.

Kikohozi kilipomwamsha, mume alilifuta jina lile usiku uleule, likarudi. Akang'oa nyaya, akatupa kisanduku cha intaneti nje, na bado runinga isiyo na umeme ikakohoa, na printa ikakohoa, na harufu ya kisima kilichofunikwa miaka ikapanda kutoka chini ya kitanda cha mtoto, na walipomulika wakamkuta ameketi wima gizani, anacheka na mtu, na walipomwita kwa jina lake hakugeuka.

Mganga waliyemleta hakuvuka kizingiti.

"Mimi hutoa mgeni kwenye nyumba ya watu," alinong'ona. "Hapa wageni ni nyinyi."

"Basi tuhame," mama alisema.

"Hameni. Lakini mtoto mmeshamwandika kwa jina la mwenye nyumba; sasa ni wa kwake."

Aliwaonya wasilitamke tena lile jina. Alichelewa. Mama alikuwa ameshamsimulia dada yake, na dada, kwa mshangao, alikuwa amelirudia kwa sauti. Sasa alipiga simu analia kimyakimya: mwanawe wa mwisho haitiki akiitwa.

"Niahidi," dada alisema.

Mtoto mapajani akanyoosha mkono, akamfunika mama yake mdomo, taratibu, kama mtu mzima.

"Sitamwambia mtu mwingine," mama akasema chini ya kiganja kile.