Kasha Lililozibwa Pua

Kitendawili nakitega kwako wewe unayesoma, usimtazame jirani. Ana ubongo hana kichwa, anapumua hana pua, na ukimfunika kwa mapenzi anazimia. Ni nani huyo?

Unakuna kichwa. Mji wako sikuudai, baki nao. Kaa tu usikilize, jibu litapita mbele yako.

Palikuwa na fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Upande mmoja cherehani, upande mwingine vipande vya sponji vimepangwa hadi darini. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mkewe, ambaye ni kiziwi tangu utotoni, ndiye aliyeshona foronya zote. Na kwenye kona, karibu na dirisha, aliketi binti yao na kompyuta yake.

Binti huyo walimwita Vidole. Jina alilipata akiwa mdogo, maana alianza kuzungumza na mama yake kwa vidole kabla hajasema neno kwa kinywa. Sasa alikuwa mtu mzima na vidole vilikuwa vimempatia kazi. Shule ya watoto wasiosikia ilimwomba atengeneze video ishirini za somo la hesabu kwa lugha ya alama. Zifike Ijumaa, kwa sababu Jumatatu shule inafunguliwa.

"Zikiwa nzuri tutakuajiri mwaka mzima," mwalimu mkuu alimwambia. "Zikichelewa, watoto watarudi kwenye zile kanda za zamani. Mdomo unacheza, mikono haionekani."

Vidole alizijua kanda hizo. Mama yake alisomeshwa hivyo hivyo, akaacha shule akiwa darasa la nne.

Kompyuta yake ilikuwa ndani ya kasha dogo, si kubwa kuliko mkate wa familia. Alilitaka dogo kwa sababu mbili. Kona yake ilikuwa finyu, na tena alihitaji kulibeba mkononi kwenda shuleni kurekodi. Dukani aliona kasha la vioo pande zote, linang'aa kama kabati la vikombe. Akalipenda papo hapo. Hakuuliza lolote.

Tatizo la kwanza lilikuwa kelele. Kila alipoipa kazi nzito, feni zilivuma kama nyuki waliochokozwa.

"Kelele hii itanihamisha humu," Vidole alisema siku moja, akiziba masikio.

Baba yake alikuwa pale pale. Alikuwa anapiga pini za stepla kwenye mgongo wa kochi. Lakini siku ya pili kelele ilipungua kidogo, na kasha likawa halitikisiki tena mezani. Vidole alifurahi. Akaendelea na kazi.

Ndipo likaja tatizo la pili. Jumanne asubuhi, video ya sita ikiwa inakaribia kukamilika, kompyuta ikazima. Kioo cheusi. Aliiwasha, akaanza upya. Ikazima tena palepale. Mara ya tatu hata robo haikufika.

"Imechoka," baba alisema. "Hata mimi nikipiga makochi matatu nazima."

"Wewe ukizima, baba, unaamka na kazi ya jana ipo. Hii ikizima inameza kila kitu."

Mama aliona uso wa bintiye, akaacha cherehani. Akaja, akaweka kiganja juu ya kasha. Akakiondoa haraka, akakipuliza. Kisha akafanya kwa mikono alama ya sufuria iliyo jikoni.

"Mama anasema tunapika," Vidole akatafsiri.

Nyumba ya pili aliishi fundi wa kompyuta, mwanamke mnene mwenye vicheko vingi. Mtaa mzima walimwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikutoka kwenye nywele zake. Mwenyewe alisema ndicho kipini chake cha dhahabu. Vidole alimfuata, naye akaja akiwa bado anatafuna.

"Hodi humu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa, dada. Nina video kumi na tano za kumaliza hadi Ijumaa."

"Basi tusimwombolezee kabla hajafa. Iwashe kwanza."

Akafungua programu inayoonyesha joto, akampa Vidole kazi ya kutazama namba. Video ilipoanza kutengenezwa, namba zikapanda. Nyuzi sabini. Themanini na tano. Tisini na nane. Kioo kikawa cheusi.

"Maji huchemka kwenye mia," Bisibisi alisema. "Ubongo wa kompyuta ukifika hapo hujizima wenyewe usiungue. Haijafa. Imezimia."

Unaona? Jibu la kitendawili ndilo hilo limepita. Kama hukulidaka, usijilaumu, hata wenye nyumba walikuwa bado hawajalidaka.

Bisibisi akachomoa waya wa umeme kwanza. "Hii ndiyo sheria ya kwanza. Hufungui kabla hujachomoa." Wakasubiri kasha lipoe. Kisha akaligeuza juu chini.

Kitako chote kilikuwa kimefunikwa kwa sponji nyekundu. Ilikatwa kwa ustadi, kona zimelala vizuri, gundi haikuvuja hata tone.

Bisibisi akaitazama sponji. Akamtazama fundi wa makochi. Shati lake lilikuwa na punje nyekundu hadi kwenye kola.

"Kazi safi, mzee," alisema. "Ila umemziba mgonjwa pua."

Akaibandua. Chini yake palikuwa na safu za matundu membamba. "Hapa ndipo hewa baridi inapoingia. Feni inaivuta, inapita juu ya vyuma vya moto, inatokea juu. Ukiziba chini, feni inazunguka bure. Inapepea joto lilelile."

"Baba," Vidole akauliza, "kwa nini uliibandika?"

Baba alikuwa ameinama chini ya meza. "Nani kachukua mkasi wangu?" alisema. Mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Bisibisi akacheka, akamwokoa. "Tena si sponji peke yake. Na hili kasha lina lawama. Tazama kadi hii ya kutengenezea picha ilivyokaribia kugusa kioo. Kioo hakipitishi hewa. Hata bila sponji ilikuwa inapumua kwa shida. Nani alilichagua?"

Vidole akainua mkono polepole.

"Ulipima nini?"

"Nilipima meza. Na begi."

"Nje tu. Ndani hukupima. Mzee, si wewe uliyetengeneza lile kochi likalala nje mwezi mzima kwa kuwa halikupita mlangoni?"

"Wiki mbili," baba alisema.

"Mwezi. Nilikuwa nalikalia mimi."

Mama hakusikia, lakini aliufuata mdomo wa Bisibisi, akacheka hadi akashika meza. Kochi hilo alilikumbuka.

"Sasa sikiliza, Vidole," Bisibisi akasema, na sauti ikawa ya kazi. "Kasha dogo si baya. Lakini kadiri nyumba inavyokuwa ndogo, ndivyo unavyochagua kwa uangalifu. Kabla hujanunua, uliza kadi ndefu kiasi gani itaingia. Uliza kipoozeo cha ubongo kiwe na kimo gani, maana kikizidi, mfuniko haufungi. Halafu tazama kuta. Hewa ipate pa kuingia na pa kutokea, na karibu na kila chenye moto kuwe na matundu. Uzuri wa kioo uje mwisho."

Baba akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. "Haya mambo nayajua," alisema taratibu.

"Unayajua wapi?"

"Mto wa ngozi. Ukiushona bila tundu la hewa, mgeni akikaa unatoa sauti ya aibu. Akikaa mara ya pili, mshono unapasuka. Kila mto wa ngozi natia matundu mawili nyuma. Miaka thelathini natia." Akakitazama kipande cha sponji. "Na hapa nimeyaziba kwa mkono wangu."

"Basi wewe ndiye utanisaidia," Bisibisi alisema.

Alikwenda kwake, akarudi na kasha jingine, la chuma chenye vitobo kama chekecheo. Lilizidi la kwanza kwa upana wa vidole viwili tu, na juu lilikuwa na mpini. "Tubadilishane. Hilo la vioo nitamwekea karani anayeandika barua tu. Kompyuta yake haitoki jasho."

Baba alipima kila kitu kwa utepe wake, ndani, si nje. Kadi iliingia ikabakiza nafasi ya kidole kimoja. Bisibisi akafunga feni mbili kubwa chini na moja juu.

"Mbona kubwa?" Vidole akauliza. "Si zitapiga kelele zaidi?"

"Kinyume chake. Feni kubwa inazunguka polepole na bado inaleta hewa nyingi. Ile ya kwanza ilipiga kelele kwa sababu ilikuwa inahangaika."

Kisha akamwomba mama uzi. Waliporudisha umeme, akaushika mbele ya feni za chini. Uzi ukavutwa ndani. Akaushika juu ya feni ya juu. Uzi ukapepea kwenda darini. "Chini inavuta, juu inatoa. Moto hupenda kupanda, nasi tunaufungulia njia. Ukifunga feni kichwa chini miguu juu, zinagombana. Uzi utakuambia."

Mama akauchukua uzi, akajaribu mwenyewe mara nne.

"Hatari iliyobaki ni vumbi la sponji," Bisibisi alisema. "Humu ni jingi." Akaonyesha chujio jembamba lililochomekwa chini ya kasha. "Kila Jumamosi litoe, lipige brashi. Kasha lisikae sakafuni, lisiegemee ukuta. Na lisivalishwe nguo, hata ikiwa nzuri."

Hilo la mwisho alilisema akimtazama baba.

Video ya sita ilitengenezwa mchana ule. Namba zilipanda hadi sabini na mbili, zikasimama hapo. Feni zilisikika kama mtu anayepumua usingizini. Vidole alirekodi na kuunganisha Jumatano nzima na Alhamisi nzima. Mama alikagua kila alama, na mara mbili alimrudisha arudie kugawanya. Ijumaa saa nne asubuhi Vidole alilinyanyua kasha kwa mpini wake, akaenda nalo shuleni. Video zote ishirini zilikuwa ndani.

Aliporudi, baba alikuwa anakata kitambaa.

"Wamenichukua mwaka mzima," Vidole alisema, na mikono ikasema pamoja na kinywa ili mama apate. "Tena mwalimu mkuu amenipa chumba pale pale. Kimya kabisa."

Mkasi ukasimama. "Vizuri," baba alisema. "Chumba ni kitu kizuri."

"Nimemwambia nitakitumia siku za kurekodi tu. Siku nyingine nina kona yangu. Kasha lina mpini, litakwenda na kurudi."

Mkasi ukaanza tena, lakini sasa ulikuwa unakata nje ya mstari wa chaki. Mama akauona. Akampiga mumewe begani, akamwonyesha binti, akafanya alama fupi: mjibu mtoto lile swali la sponji.

Baba akauweka mkasi mezani. Akafuta mikono kwenye suruali. Hakufungua kinywa. Alijibu kwa vidole, polepole, mbele ya mkewe:

"Ulisema kelele itakuhamisha. Sponji ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo."