Bangili ya Chumba cha Tatu

Saa saba kasorobo mchana, siku ya Jumanne, mlinzi wa jumba la makumbusho aliingia chumba cha tatu na kukuta kabati la kioo li tupu. Bangili ya shaba, ile iliyochapwa kwenye mabango yote ya mlangoni, haikuwepo. Kioo kilikuwa kizima. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Dakika kumi baadaye wafanyakazi walikuwa wamesimama mbele ya mkurugenzi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Kesho wataalamu wa maabara wanakuja kuipima umri, leo imepotea. Nani aliingia humu?"

Chumba kilikuwa kimefungwa kwa wageni tangu asubuhi ili taa zitengenezwe. Fundi umeme alifanya kazi humo kuanzia saa tatu hadi saa sita. Aliumwaga mkoba wake sakafuni bila kuombwa: koleo, nyaya, bisibisi.

"Mimi nilikuwa juu ya ngazi, macho darini. Hilo kabati hata sikulitazama."

Baada yake alikuwa ameingia mama wa usafi, akafagia sakafu haraka na kutoka.

"Na ufunguo?" mkurugenzi aliuliza.

"Uko kwenye droo yangu," alijibu naibu wake. "Sasa niulize, ofisi yangu inasafishwa na nani? Na huyu huyu. Polisi waitwe."

Mama wa usafi aliukamata ufagio kwa mikono miwili. "Miaka kumi na tisa nafuta vumbi hapa. Sijachukua hata pini."

Nyuma yao alisimama mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana anayesoma mbali na kwao, aliyepata nafasi ya mazoezi ya kazi hapo wakati wa likizo ya kiangazi. Kila kabati lilikuwa na kipima unyevu: kalamu ndogo inayochora mstari kwenye karatasi inayozunguka pole pole kwa mwendo wa saa. Kila Jumatatu alibadilisha karatasi hizo, zote ishirini na mbili, na kurekebisha saa zake. Naibu alimwita "binti wa karatasi".

"Mkurugenzi," alisema, "kabla ya polisi, naomba nusu saa."

Walifungua kabati pamoja. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi tangu jana, kisha mahali pamoja ukaruka juu kama jino.

"Kabati likifunguliwa, hewa ya nje inaingia na kalamu inaruka. Hapa ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Fundi hakuwa amefika. Wala mama."

Daftari la mlinzi lilionyesha mtu mmoja tu aliyeingia jengoni kabla ya saa tatu. Alifika saa mbili kamili, akatoka saa mbili na dakika ishirini, akarudi saa nne. Mkurugenzi alilisoma jina mara mbili.

"Atasema alikuja kukagua," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nataka kuziona karatasi zote."

Alizitandaza mezani. Moja tu ndiyo iliyoruka pia: ya kabati la tisa, kule stoo, linalohifadhi vigae vya vyungu, ambalo tangu aanze kazi hakuna aliyelifungua ila yeye, kila Jumatatu, kubadilisha karatasi. Saa mbili na dakika kumi na sita. Walishuka stoo. Chini ya vigae, ndani ya kitambaa, ilikuwemo bangili.

Saa tisa alasiri naibu aliitwa ofisini. Mama wa usafi alikuwa ameketi pale.

"Leo ulifika saa ngapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Saa nne, kama kawaida."

Mwanafunzi akaweka mbele yake daftari na karatasi mbili.

"Kalamu zinakosea, binti."

"Mbili, kwa kupishana dakika sita tu?" Mwanafunzi aliziweka karatasi sambamba. "Mwizi angeitoa nje. Wewe uliificha humu humu. Hukuitaka bangili, bwana. Ulitaka isionekane kesho."

Naibu alikaa. Kitabu chake kilichomjengea jina kilisema bangili ile ina miaka mia nne.

"Mwezi uliopita niliitazama kwa lenzi," alisema hatimaye. "Ina alama za mashine; si ya kale. Miaka ishirini nimesimama majukwaani nikiisifia. Ningeuficha wapi uso wangu mbele ya wote wale walionipigia makofi?"

"Na mama huyu?"

"Nilidhani wangemfukuza tu."

"Tu!" Mama wa usafi alisimama.

"Funguo zako, mezani," mkurugenzi alisema. Kisha akamgeukia mwanafunzi. "Ripoti utaiandika wewe, na sahihi itakuwa yako."

Jioni mwanafunzi alimpigia simu baba yake, fundi redio, akamweleza kisa chote. Alipomaliza, alisikia viti vikiburutwa upande wa pili.

"Baba, upo?"

"Nipo. Hebu rudia pale kwenye makaratasi, ila pole pole. Nimeweka spika, na shangazi yako kaleta watu."