Mwaka Wageni Walipofuta Safari

Romana alikuwa na matuta kumi ya saladi huko Nangara, mjini Babati. Kila Jumanne na Ijumaa aliamka mapema, akakata saladi zikiwa bado na umande, akazipanga kwenye matenga na kuzifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Saa mbili asubuhi gari la kambi ya watalii lilikuja kuzichukua. Kambi hiyo ilikuwa porini, upande wa Tarangire.

Alijivunia sana kazi yake. "Mtu anapanda ndege mbili kutoka kwao, halafu anakula saladi niliyootesha mimi," alipenda kumwambia mumewe, Teodori.

Kwa ajili ya saladi hizo walikuwa wameacha mahindi na mboga nyingine zote.

Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka 2014, gari halikuja. Badala yake ilikuja simu. Alikuwa Aniceti, mnunuzi wa vyakula wa kambi.

"Mama Jovin, usikate saladi tena. Wageni wamefuta safari."

"Wote?"

"Karibu wote. Wanaogopa Ebola."

"Ebola imefika Babati?"

"Haijafika hata Tanzania, mama. Iko Afrika Magharibi. Lakini ndivyo walivyoamua."

Matenga manne yalikuwa tayari mlangoni. Romana akajitwika moja, akaenda nalo sokoni. Wateja waligeuzageuza majani.

"Hii inapikwaje?" mmoja aliuliza.

"Haipikwi. Inaliwa mbichi."

"Mbichi? Kwani sisi sungura?"

Soko zima likacheka. Ilipofika saa sita, majani yalikuwa yamenyauka. Romana alirudi kwa njia ya nyuma ili majirani wasimwone.

Teodori alimpokea tenga. "Kesho nang'oa zote," alisema. "Sitaki tena kusikia habari za watalii."

Romana alitoka, akaelekea kwenye matuta. Alikaa shambani, akalia.

Jirani yao Naiputa alisikia, akaja. Mama huyu wa Simanjiro alikuwa amepika kwenye kambi za watalii kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, Mama Kimaren," Romana alimwamkia, akijifuta macho.

"Marahaba, mwanangu. Unalia nini?"

"Nimekosa nini mimi? Saladi zangu ni safi. Ugonjwa uko mbali. Mbona wananiadhibu?"

"Hawakuadhibu. Hawakujui. Hebu niambie, kwa nini hukwenda kwenye harusi ya mdogo wako Tabora?"

"Tulisikia kuna kipindupindu."

"Tabora?"

"Hapana. Mkoa wa jirani."

"Basi. Ulikuwa hapa hapa nchini, na bado uliogopa. Sasa mtu aliye ng'ambo akisikia Afrika kuna Ebola, atajuaje kwamba Sierra Leone yenye ugonjwa iko karibu zaidi na Hispania kuliko na Babati? Na kutembea si kama kula. Mtu akiwa na hofu anaahirisha matembezi."

"Kwa hiyo hawarudi tena?"

"Watarudi. Bomu likilipuka, au benki za kwao zikitikisika, wanapungua. Hofu ikiisha, wanarudi. Tena upo mwaka ambao vurugu zinatokea nchi nyingine, wageni wake wanahamia kwetu. Nimewahi kuwapikia mpaka sufuria zikawa hazitoshi."

Teodori alikuwa akisikiliza, jembe mkononi. "Sasa tufanye nini, mama?"

"Tukio la ghafla huwezi kulizuia, baba. Ila shamba lote usimpe mteja mmoja. Watu wa Babati wanakula kila siku. Wapandieni wanachokula. Saladi msizing'oe zote. Bakizeni kidogo, mbegu zisipotee."

Wiki hiyo walilima upya. Matuta manane yakawa ya mchicha, sukuma wiki, nyanya na pilipili hoho. Mawili yakabaki ya saladi. Mchicha ulipokomaa, Romana akarudi sokoni, safari hii kwa njia kubwa, na saa nne mchicha wake ulikuwa umekwisha.

Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kwa wageni kuongezeka. Wakulima wengine walikuwa wamekwisha kung'oa saladi zao. Aniceti alipopiga simu, Romana alimjibu, "Njoo kesho. Zipo."

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Ndege zikaacha kuruka karibu dunia nzima, na kambi ikafungwa. Romana alisikia habari hizo redioni, akapanda mchicha hata kwenye yale matuta mawili. Mwanawe Jovin akaendelea na shule. Nyumbani hapakukosekana chakula hata siku moja.

Wageni waliporudi, Aniceti alikuja na ombi jipya.

"Mama Jovin, wanataka kuona shamba lenyewe. Wanataka na kula unachokula."

Wakaja sita. Romana alivaa kitenge chake kizuri, akawatembeza tuta kwa tuta. Teodori aliwaeleza kuhusu mbolea ya samadi, na Aniceti akatafsiri. Halafu wakaketi uani pamoja na Naiputa na majirani. Romana akaleta ugali na sukuma wiki, akawanawisha mikono mmoja mmoja.

"Karibuni Babati," aliwaambia, akawamegea ugali ili waone unavyoliwa.