Aibu ya Kidevu cha Védastine

— Huu wembe ni wa nani?

Cirhuza alisimama mlangoni mwa bafu, wembe mkononi, vinywele vyeusi vimenasa kwenye makali. Védastine, mchumba wake, aliishi peke yake hapo Kamembe, upande wa Rwanda, na zilibaki wiki mbili tu familia ya Cirhuza ivuke kutoka Bukavu kuja kutoa mahari.

— Mwanaume gani ananyoleaka ndevu hapa kwako?

Védastine akautazama wembe. Angeanzia wapi kueleza kwamba ndevu ni zake, kwamba kila alfajiri anajifungia kunyoa kidevu kabla ya kufungua duka lake la vitenge? Heri aitwe malaya kuliko aitwe dume.

— Nisamehe, akasema tu.

— Nikusamehe? Basi ule mwenye ndevu akuoe!

Akaubamiza mlango. Jioni ukaja ujumbe: “Nimeambia Maman na bantu ba kanisa. Dot imekufa, mahari hakuna tena.”

Na ukweli Védastine aliujua mwaka mzima! Daktari alimwambia homoni zake zimeyumba, ndiyo maana hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota. “Wewe ni mwanamke kamili. Wengi wenye hali hii wanazaa, wengine kwa kusaidiwa na dawa.” Lakini yeye akamwamini shangazi yake Uwimbabazi, aliyesema mwanamke wa ndevu hashiki mimba.

Siku tatu hakunyoa. Ya nne akaenda mpakani uso wazi, pale Cirhuza anapovuka na biashara yake, akamkuta kwenye foleni na mizigo yake.

— Angalia kidevu yangu. Wembe ni wangu. Ni ugonjwa wa ovari. Nilikuficha sababu ya aibu.

Wanawake wenye beseni za sambaza, vidagaa vya ziwani, wakageuka. Védastine alitamani ardhi immeze, lakini hakuondoka.

— Na batoto? Cirhuza akauliza, macho chini.

— Docteur alisema naweza zala. Pengine itakawia. Siwezi kukuahidi.

— Nisamehe, chérie.

— Uliambia bantu ngapi kama miye ni malaya?

— Bengi.

— Anza na Maman yako. Hapa hapa, sauti ya juu.

Jasho likimtoka, Cirhuza akampigia mama yake simu, akaeleza yote.

— Maman? Uko unasikia?

— Niko nasikia. Sauti ya Maman Charlotte ilitetemeka. Weye ulizani nilikuwa naamuka saa kumi juu ya sala? Nilikuwa nanyoa. Papa yako alikufa bila kujua. Miaka saba nilikutafuta, bakaniita tasa. Patia ule mutoto simu.

Védastine akaipokea kwa mikono miwili, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

— Binti yangu, dot iko palepale kama ungali unamutaka. Lakini dimanche Cirhuza atasimama kanisani, aseme alikusingizia. Na miye nitasimama pembeni yake, niseme yangu.