Simbilisi wa Jikoni na Masikio ya Noelia

Zenaida hakuhitaji jogoo wa kumwamsha. Alikuwa na simbilisi thelathini na wawili, wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, na wote waliishi jikoni, sakafuni, kati ya jiko la kuni na kitanda cha binti yake Noelia. Wakisikia tu mtu anagusa majani, walipiga kelele, kwi, kwi, kwi, mpaka walishwe. Katika vijiji vya milimani Peru ndivyo wanavyofugwa tangu zamani. Nje baridi inaua. Na nyumba isiyo na simbilisi, mgeni akija utampikia nini?

Noelia alikuwa na miaka saba. Mafua yalikuwa hayamwachi. Pua inatiririka, macho yanawasha, usiku analala mdomo wazi. "Ni baridi ya huku," watu walisema, na Zenaida akaamini. Kisha likazuka jingine. Ukimwita, haitiki. Ukimtuma viazi, anakuletea vitunguu.

"Hayo masikio umeyabandika kwa urembo?" Zenaida alimgombeza siku moja. "Nimekuita mara nne."

"Hujaniita, mama."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

Akamchapa kofi. Noelia hakulia. Alimtazama mama yake mdomoni, kama mtu anayetafuta maneno pale. Zenaida aliliona hilo, likamkera, akachukua mundu akaenda kukata majani.

Wiki ile ile mwalimu alimwita shuleni.

"Mama Noelia, mtoto haandiki ninachosema. Anaandika alichoandika jirani yake. Kwa mwendo huu atarudia darasa. Lakini mimi naona si mvivu. Naona hasikii."

Zenaida alimkumbuka yule mwanamke kiziwi wa sokoni, ambaye watoto humcheka nyuma ya mgongo. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza swali moja tu: mwanangu naye atakuwa hivyo?

Mama mkwe wake, Bibi Fortunata, alikuwa na jibu tayari.

"Ameingiwa na upepo mbaya sikioni. Niletee simbilisi mweusi. Yeye atatuonyesha ugonjwa."

Hiyo ni desturi yao. Simbilisi hupitishwa mwilini mwa mgonjwa ili auvute ugonjwa na kuuonyesha. Bibi alimsugua Noelia kichwani, akashuka shavuni, akafika puani. Noelia akapiga chafya. Akapiga ya pili. Kufika ya kumi na mbili, macho yalikuwa yamevimba na pua imeziba kabisa.

"Upepo unatoka," bibi alisema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika. Akachukua gazeti, akaliviringisha kama faneli. "Sasa tutaweka hili sikioni, tuliwashe huku juu, moto uvute kilichobaki."

"Hapana, mama," Zenaida alisema. "Moto sikioni mwa mwanangu, hapana."

Katika miaka tisa ya ndoa alikuwa hajawahi kumpinga mama mkwe wake.

"Haya," bibi alisema, "wenye akili wameamka."

Asubuhi Zenaida alimshika Noelia mkono mpaka zahanati. Nesi Hermelinda alimchungulia mtoto masikioni kwa kifaa chenye taa. Aliangalia la kulia, akaangalia la kushoto, akarudia.

"Analalamika maumivu? Linatoka usaha?"

"Hapana."

"Nyuma ya ngoma ya sikio kuna maji. Masikio yote mawili."

"Maji? Huyu kuoga kwenyewe tunakimbizana."

Nesi alicheka. "Si ya kuoga. Yamejikusanya ndani. Mfereji wa kumwagilia shamba lako ukizibwa na tope, inakuwaje?"

"Maji yanatuama."

"Basi. Nyuma ya pua kuna mfereji mwembamba unaokwenda mpaka sikio la kati. Unapitisha hewa. Pua ikivimba, mdomo wa mfereji huo nao unavimba na kuziba. Hewa haiingii, na maji yanajikusanya. Ngoma ya sikio haitikisiki vizuri. Mtoto anasikia kama mtu aliyejifunika blanketi kichwani."

"Na pua inavimba kwa nini?"

"Hapo nakuuliza wewe. Chafya zinazidi akiwa wapi?"

Zenaida aliinamisha kichwa. Akaeleza habari ya simbilisi mweusi, huku akingoja kusemwa.

"Kumbe bibi ameshanisaidia kazi," nesi alisema. "Huu ni mzio. Mwili wa Noelia haupatani na manyoya ya simbilisi wala vumbi la nyasi zao. Moshi wa kuni nao unazidisha. Si kila mtoto mwenye maji sikioni ana mzio. Wengine ni mafua tu. Lakini huyu dalili zake ziko wazi."

Zenaida akalitoa lile swali. "Atakuwa kiziwi?"

"Mara nyingi maji haya hukauka yenyewe, miezi mitatu hivi. Simbilisi watoke jikoni. Pua isafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Nitakupa dawa ya kupuliza puani, umpe kila siku kama nitakavyokuonyesha. Usitie chochote sikioni, si mafuta, si moto. Mwambie mwalimu amketishe mbele. Nitakuandikia barua akapimwe usikivu hospitali ya mjini. Maji yasipokauka, daktari wa masikio ana njia ya kuyatoa."

"Nilimpiga," Zenaida alisema. "Nilidhani ni ukaidi."

Nesi alianza kuandika barua. "Kuanzia leo msogelee, mtazame usoni, ndipo useme naye."

Nyumbani kulichemka.

"Simbilisi walale nje?" Bibi Fortunata aliuliza. "Nimelala nao miaka sitini. Kiziwi yuko wapi?"

"Si wewe uliyesema simbilisi atatuonyesha ugonjwa, mama? Nesi anasema ametuonyesha."

Bibi alifikiri. "Nilisema, sivyo?"

Kesho yake alikuwa wa kwanza kukanyaga udongo wa matofali. Walijenga kibanda upande wa pili wa ua. Wiki ya kwanza simbilisi wawili walikufa kwa baridi, na bibi alinuna siku tatu. Wakaongeza nyasi juu ya paa, hakufa mwingine. Jikoni walipiga deki, wakatoboa dirisha la moshi, wakafua blanketi zote. Mjini vipimo vilionyesha usikivu umepungua. Zenaida hakuruka hata siku moja ya dawa.

Mwezi wa kwanza chafya zilipungua. Mwezi wa tatu nesi alichungulia tena: sikio la kulia limekauka, la kushoto limebakiza kidogo. Mwalimu alisema Noelia sasa anaandika yake mwenyewe.

Asubuhi moja Zenaida aliita kutoka jikoni kwa sauti ya kupasua mlima, kama alivyozoea. "Noelia! Uji!"

"Mama, mbona unapiga kelele?" Noelia aliuliza. Alikuwa amechutama mlangoni, anafunga viatu, amempa mama yake mgongo. "Nakusikia. Hata simbilisi nawasikia. Wana njaa."

Zenaida akasikiliza. Kweli, kule ng'ambo ya ua, kwa mbali sana: kwi, kwi, kwi. Akasema kwa sauti ndogo, ile ya kusemea peke yako, bila kumsogelea:

"Nisamehe lile kofi, mwanangu."

Noelia alimaliza kufunga kamba ya kiatu, akageuka.

"Nimesikia, mama," alisema.